Nani anashika kalamu ya hesabu? Safari ya wakimbizi kutoka Star Trek mpaka Battlestar Galactica

BUNIA – Jumapili moja jioni, kwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na kambi ya wakimbizi wa ndani hapa mjini, vijana walikuwa wamekusanyika mbele ya televisheni ndogo. Jenereta inanguruma nje, watoto wamejazana mlangoni. Seri iliyokuwa inapita ni Battlestar Galactica, imetiwa sauti za Kifaransa. Mama mmoja aliyekuja kuchukua simu yake akasimama kuangalia. Kwenye kioo, mwanamke mwenye suti alikuwa anafuta namba ubaoni na kuandika nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza.

Mama akauliza: "Yule naye anafanya kazi na mashirika?"

Vijana wakacheka. Mmoja akamjibu: "Hapana mama, yule ni raisi wao."

"Raisi mwenyewe ndiye anahesabu watu?"

Hakuna aliyemjibu. Mama akalipa pesa yake ya kuchaji, akaenda.

Swali lake limebaki kwangu tangu siku ile, kwa sababu historia ya ile namba ubaoni ni ndefu. Haikuanzia kwenye Battlestar Galactica. Ilianza kutafuta njia ndani ya tamthilia nyingine, Star Trek, ikapita mikononi mwa mwandishi mmoja Mmarekani anayeitwa Ronald D. Moore, na ilichukua karibu miaka 15 kufika pale ubaoni. Leo niwaelezee safari hiyo, wale wanaofuata hizi seri kwenye fleshi na hata wale ambao hawajaona hata moja.

Tuanzie mbali kidogo. Star Trek ilionyeshwa mara ya kwanza Marekani tarehe 8 mwezi wa tisa 1966, kwenye televisheni ya NBC. Mwanzilishi wake, Gene Roddenberry, alipokuwa anaiuza kwa wenye televisheni aliifananisha na Wagon Train, tamthilia ya miaka ya 1950 kuhusu misafara ya magari ya farasi iliyobeba Wazungu wa Marekani kuelekea magharibi. Yaani tangu siku ya kwanza, seri hii ya nyota ilizaliwa ikitazama seri nyingine, ile ya kofia pana na bunduki.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Watu wa Wagon Train walikuwa wamebeba vyombo vyao vyote, walikuwa wanahama. Watu wa Star Trek hawahami. Chombo chao, Enterprise, kina nyumbani pa kurudi: dunia yao imetulia, njaa imekwisha, vita vimekwisha. Wenye shida wako kwenye sayari ambako chombo kinatua. Kapteni anashuka, anasikiliza, anatatua jambo ndani ya dakika 50, anapanda tena. Sisi tunawajua wageni wa namna hiyo. Magari yanafika saa nne asubuhi, saa tisa yameshageuka kurudi mjini kabla barabara haijawa mbaya. Sisemi ni wabaya. Wengi wanatusaidia kweli. Nasema tu kwamba kwa miaka mingi Star Trek ilikuwa hadithi ya yule aliye ndani ya gari.

Mwaka 1978 akatokea Glen A. Larson na Battlestar Galactica ya kwanza. Hapo kamera iligeuka. Makoloni 12 ya binadamu yanateketezwa na maroboti yanayoitwa Cylon, waliobaki wanapakiwa kwenye meli zozote zilizopatikana, za abiria, za mizigo, na meli moja ya kivita inawalinda huku wakitafuta dunia ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wote ni wakimbizi, kuanzia jenerali mpaka mpishi. Filamu ya Star Wars ilikuwa imetoka mwaka 1977 na kuingiza pesa nyingi, na kampuni iliyokuwa nyuma ya Star Wars ilienda mahakamani ikidai Galactica imeiba mawazo yake.

Usiku wa kwanza wa Galactica una kisa ambacho mwandishi wa habari hawezi kukiacha. Ilikuwa tarehe 17 mwezi wa tisa 1978. Hadithi yenyewe inaanza na sherehe ya kutia sahihi mkataba wa amani, na mkataba ule ni mtego: Cylon wanashambulia watu wakiwa bado wanapongezana. Katikati ya kipindi, televisheni ya ABC ikakata matangazo ili kuonyesha moja kwa moja kutoka Washington marais wa Misri na Marekani na waziri mkuu wa Israeli wakitia sahihi makubaliano ya Camp David. Watazamaji wakatoka kwenye mkataba wa uongo wa kwenye hadithi, wakaingia kwenye mkataba wa kweli, kisha wakarudishwa kwenye hadithi.

Galactica ile haikudumu. Ilizimwa mwaka 1979 baada ya msimu mmoja. Kwa maoni yangu kasoro yake kubwa inaonekana mapema kabisa: watu wamepoteza mamilioni ya ndugu, na kabla machozi hayajakauka wanafika kwenye sayari yenye kasino, wanacheza kamari na kusikiliza waimbaji. Mtu aliyewahi kukimbia usiku na mtoto mgongoni anajua hadithi hiyo imeandikwa na nani. Imeandikwa na mtu aliyelala nyumbani kwake.

Turudi kwenye Star Trek. Mwaka 1987 ilirudi kwa jina la Star Trek: The Next Generation, na mwaka uliofuata akaingia ndani yake Whoopi Goldberg, yule mchekeshaji na mwigizaji mweusi ambaye wengi hapa wanamfahamu kwa filamu za masista wanaoimba. Alicheza Guinan, mama mwenye kofia kubwa anayehudumia vinywaji kwenye chombo na kusikiliza mashaka ya kila mtu. Polepole tunaelezwa kwamba yeye ni mkimbizi. Watu wake walishambuliwa na adui anayeitwa Borg, wakatawanyika kila upande wa anga. Hasemi mengi juu yake. Mshike kichwani huyu Guinan, tutamkuta tena mwishoni.

Mwaka 1989 akafika Ronald D. Moore, kijana aliyekuwa ameandika hadithi yake mwenyewe na kuipeleka bila kuombwa. Ilikubaliwa, ikaonyeshwa kwa jina la The Bonding, na yeye akaajiriwa. Inahusu mtoto ambaye mama yake amekufa kazini na amebaki peke yake ndani ya chombo kikubwa. Kwa hiyo mlango aliopitia Moore kuingia katika televisheni ulikuwa yatima.

Mwezi wa kumi 1991 ikaonyeshwa sehemu inayoitwa Ensign Ro, iliyoandikwa na Michael Piller. Hapo ndipo Star Trek ilipokutana uso kwa uso na kambi. Tunaelezwa habari za watu wa Bajor, taifa la zamani sana, lenye dini na sanaa, ambalo nchi yake imekaliwa kwa nguvu na watu wa Cardassia. Wengi wao wanaishi kambini kwenye sayari za wengine, kwa baridi na mablanketi machache. Waliotunga hadithi walieleza wazi waliowafikiria: Wakurdi, Wapalestina, Wayahudi wa miaka ya 1940.

Katika sehemu hiyo kuna dakika moja ambayo naipenda kuliko vita vyote vya seri hizi. Msichana wa Bajor, afisa kijana aliyechezwa na Michelle Forbes, anaripoti kwa Kapteni Picard. Kapteni anamwita "Laren". Msichana anamsahihisha: kwao jina la ukoo linatangulia, yeye ni Ro. Watu wengi wa Bajor, anasema, wameacha kusahihisha, wanakubali majina yao yageuzwe ili wafanane na wengine. Nani kati yetu hajakuta jina lake limepinduliwa kwenye orodha? Sisi Wakongomani tuna jina, tuna jina la pili, tuna jina la ubatizo, na anayeandika anajaza anavyoona. Halafu siku ya kugawa unga unaitwa jina ambalo si lako, unabaki umesimama.

Na anayekwenda kukaa na Ro Laren wakati wengine wote wanamkwepa, ni Guinan. Mkimbizi amemtambua mkimbizi.

Baada ya hapo wenye Star Trek walitaka kutengeneza seri nyingine, na safari hii hapakuwa na chombo cha kwenda na kurudi. Kilikuwa kituo kimoja kilichosimama pale pale juu ya Bajor, baada ya mvamizi kuondoka. Ndiyo Deep Space Nine, iliyoanza mwezi wa kwanza 1993 na kumalizika 1999. Kituo chenyewe kilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya watu wa Bajor. Michelle Forbes aliombwa ahamie huko na Ro wake, akakataa. Basi wakatunga mtu mpya, Meja Kira Nerys, aliyechezwa na Nana Visitor: mwanamke aliyeshika silaha msituni tangu utoto, ambaye sasa lazima ajifunze kukaa ofisini. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa mara ya kwanza aliyekimbia na aliyepigana hakuwa mgeni wa wiki moja. Alikuwa anabaki, na wiki ijayo bado yupo na hasira zake.

Moore hakuwapo mwanzo wa Deep Space Nine, alikuwa bado The Next Generation. Lakini mwaka 1994 aliandika huko sehemu inayoitwa Journey's End. Wakubwa wameketi mezani wakachora mpaka mpya kati ya nchi mbili, na kijiji kimoja kimejikuta upande usio wake. Picard anatumwa kuwahamisha wanakijiji. Wao ni wazao wa Wahindi Wekundu wa Marekani, watu waliokwisha kuhamishwa zamani, na sasa wanaambiwa wahame tena. Mwaka huohuo Moore na mwenzake Brannon Braga waliandika filamu ya Star Trek Generations, na mwanzoni mwake kuna meli iliyobeba wakimbizi wa watu wa Guinan. Unaona jinsi jambo lile linavyomfuata. Mtu anaandika hadithi za wapiganaji, za mapanga na heshima, halafu kila mara kuna meli ya wakimbizi inapita pembeni.

Alipohamia Deep Space Nine aliandika sehemu ambayo, kwangu mimi, ndiyo daraja lenyewe la kuvukia Galactica. Inaitwa Rocks and Shoals, ya mwaka 1997. Adui amekikamata kituo. Kumekuwa na makubaliano, hakuna risasi, Bajor imekubali kukaa kimya ili isiharibiwe. Kira anaamka asubuhi, anakunywa kahawa yake, anaingia kazini pamoja na wavamizi. Wanamsalimu, anawasalimu. Mama mmoja wa dini, mtumishi wa Mungu kati ya watu wa Bajor, anakuja kumwambia kwamba hawatakaa kimya. Kira anamtuliza: vumilia, tunaokoa maisha ya watu. Siku inayofuata mama yule anajinyonga mbele ya watu wote, katikati ya sehemu ya maduka. Asubuhi nyingine Kira anaamka, anakunywa kahawa, anajitazama kwenye kioo, na anaona kwamba mtu ambaye alikuwa anamwinda zamani msituni, yule anayeshirikiana na mvamizi, leo ni yeye.

Sitaendelea kueleza, kwa sababu wanaonisoma wanaelewa. Anayeishi chini ya bunduki ya mwingine hufanya hesabu hiyo kila asubuhi.

Mwaka 1999 Deep Space Nine ikaisha na Moore akahamia Star Trek: Voyager. Hadithi ya Voyager ingetosha kumfurahisha: chombo kimoja kimetupwa mbali na nyumbani, safari ya kurudi ni miaka zaidi ya 70. Lakini hakukaa miezi mingi, akaondoka. Baadaye alieleza hadharani kilichomuudhi. Chombo kimepotea, hakina bandari wala vipuri, na bado kila wiki kinang'aa kama kimetoka kiwandani jana. Kikipigwa mashimo, sehemu inayofuata mashimo hayapo. Watu hawachakai, hawagombani juu ya chakula, hawaanzi kutengeneza maisha mapya kwa mabaki ya yale ya zamani.

Alipopewa kazi ya kuirudisha Battlestar Galactica akishirikiana na David Eick, aliandika kila kitu ambacho Voyager ilimnyima. Filamu ya utangulizi ilionyeshwa mwezi wa kumi na mbili 2003. Msimu wa kwanza ulianza Uingereza mwezi wa kumi 2004, ukaingia Marekani mwezi wa kwanza 2005. Alikuja na watu wa nyumba ya zamani: waandishi David Weddle na Bradley Thompson, na Gary Hutzel wa picha za anga, wote walitoka Deep Space Nine. Tangi la maji likipasuka, sehemu nzima ni juu ya maji. Mafuta ya meli yakipungua, watu wanatumwa kufa kwa ajili ya mafuta. Nguo zinazeeka mwilini.

Alama za heshima kwa Galactica ya 1978 zimejaa humo pia, na vijana wa kibanda wanapenda kuzitafuta. Muziki wa zamani umerudi, safari hii kama wimbo wa taifa. Roboti la zamani limewekwa kwenye kioo cha makumbusho. Richard Hatch, aliyekuwa rubani kijana shujaa mwaka 1978, sasa ni mfungwa wa kisiasa mwenye mvi anayewapinga mashujaa wapya. Hayo ni matamu kwa anayejua. Lakini kilichotoka Star Trek hakikuwekwa kwenye kioo cha makumbusho. Kinatembea.

Sasa tufike kwenye ubao. Raisi Laura Roslin alikuwa waziri wa elimu, na kabla ya hapo mwalimu. Ameupata uraisi kwa sababu watu 42 waliokuwa mbele yake wamekufa. Sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza inaitwa 33. Kila dakika 33 Cylon wanatokea, kila dakika 33 meli zote zinaruka kwenda mahali pengine, na watu hawajalala siku tano. Ubaoni pameandikwa 50,298. Ndio binadamu wote waliobaki. Meli moja ya abiria inapotea, na adui hatokei. Meli ile inarudi, na adui naye anarudi. Ndani yake wanasemekana wako watu 1,345. Wakubwa wanaamua ipigwe. Marubani wanaitii amri, na hadithi haitupi faraja ya kujua kwa hakika kama ilikuwa na watu au ilikuwa tupu. Mwalimu yule anarudi kwenye ubao wake. Inabaki 47,972. Halafu msaidizi wake anaingia kumwambia kwamba kwenye meli moja amezaliwa mtoto wa kiume. Anafuta, anaandika 47,973.

Miaka michache iliyopita nilisoma hewani komunike ya familia iliyotawanyika njiani wakati wa kukimbia. Nilisema mama na watoto wanne. Kesho yake baba akaja studio, amechoka, ameketi kwenye ngazi kabla sijafika. Amesikia habari kutoka kwa jirani. Alitaka tusahihishe: ni watoto watano, mmoja amezaliwa njiani. Sikumuelewa mara moja kwa nini jambo hilo halikuweza kungoja mpaka matangazo ya Jumatatu.

Namba ile ya Roslin ikawa mtu mwingine ndani ya tamthilia. Ilionyeshwa mwanzoni kabisa mwa kipindi, pamoja na majina ya waigizaji, na ilikuwa inabadilika. Na Moore hakuiacha iwe malaika. Katika msimu wa pili, Roslin, aliyetetea maisha yote haki za wanawake, anapiga marufuku utoaji mimba kwa sababu hesabu inashuka. Kalamu imeanza kumtawala mwenye kuishika. Huko nje kwenye korido za meli, watu wasio na cheo wana hesabu yao wenyewe: ukuta mrefu wa picha za ndugu waliopotea, zimebandikwa na mishumaa chini yake.

Halafu anakuja Admiral Cain. Mwaka 2005 meli nyingine ya kivita inatokea, inayoitwa Pegasus, na wakimbizi wanashangilia kwa sababu idadi yao imepanda ghafla. Kamanda wake ni mwanamke baridi kama chuma. Polepole inajulikana alichofanya: alikuta meli za raia, akachukua vipuri vyao, akachukua mafundi wenye faida, na waliobaki akawaacha gizani bila mashine. Jina la Cain na la Pegasus yametoka Galactica ya 1978. Lakini uso ule ni wa nani? Ni Michelle Forbes. Yule yule msichana wa kambini, Ro Laren, aliyegoma jina lake lisipinduliwe. Anayemjua kutoka 1991 anamtazama na mwili unasisimka. Na Nana Visitor, Meja Kira wetu, naye alikuja mwaka 2008 kwenye sehemu inayoitwa Faith, akacheza mgonjwa wa saratani aliyelala kitanda cha pili karibu na Roslin.

Msimu wa tatu, wa mwaka 2006, ndipo Rocks and Shoals inarudi kwa nguvu zote. Binadamu wamechoka kuruka, wametua kwenye sayari ya baridi waliyoiita New Caprica, wanaishi katika mahema na matope. Cylon wanawafuata na kuwatawala. Wanaunda polisi ya binadamu ili kuwakamata binadamu. Wapinzani wanalipua sherehe ya polisi wapya kwa mtu aliyejifunga mabomu, na aliyemtuma ni afisa ambaye sisi watazamaji tunampenda. Kijana mmoja, Felix Gaeta, anabaki kazini katika ofisi ya raisi kibaraka. Kila mtu anamwita msaliti. Kumbe ndiye aliyekuwa akipeleka siri kwa wapinzani, na ishara yake ilikuwa bakuli la chakula cha mbwa likigeuzwa.

Baada ya ukombozi, watu sita wanaunda mahakama ya siri usiku. Hakuna wakili, hakuna mashahidi, kuna orodha tu, na waliohukumiwa wanatupwa nje kupitia mlango wa meli, angani. Gaeta anafika mpaka kwenye mlango huo. Anaokolewa kwa sababu anataja bakuli la mbwa, na mmoja wa waliomhukumu anagundua kwamba ndiye aliyekuwa akipokea zile siri. Je, wangapi walitupwa bila kuwa na bakuli la kutaja? Roslin anafunga jambo kwa msamaha wa jumla, na hakuna anayefurahi, wala waliosamehewa.

Star Trek ingekuwa imemaliza hapo. Kira alijitazama kwenye kioo mara moja, akarudi upande sahihi, na tulilala vizuri. Katika Galactica, Gaeta anaendelea kuishi pamoja na waliotaka kumuua, anakula nao meza moja, na kinyongo kinakua mpaka kinaleta maafa misimu ya mbele. Nafikiri hapo mwanafunzi alimpita mwalimu. Wengine watanipinga, wapo wanaosema Galactica ni giza tupu na Star Trek angalau inatupatia pa kuelekea. Nawaelewa. Kuna jioni ambazo nami nachagua Picard.

Galactica ilifikia mwisho tarehe 20 mwezi wa tatu 2009, hesabu ikiwa imeshuka chini ya 40,000. Siku tatu kabla, tarehe 17, waliitwa New York, kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa: Moore, Eick, Edward James Olmos aliyecheza kamanda Adama, na Mary McDonnell aliyecheza Roslin. Waliketi na wakubwa wa Umoja wa Mataifa kuzungumza haki za binadamu, ugaidi, na watoto katika vita. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa Whoopi Goldberg. Guinan mwenyewe.

Kati ya waliokaa pale alikuwamo Radhika Coomaraswamy, mjumbe maalumu wa katibu mkuu kuhusu watoto na mapigano. Mwezi wa kwanza wa mwaka huo huo, huko The Hague, ilikuwa imefunguliwa kesi ya Thomas Lubanga, ya kwanza kabisa katika historia ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, juu ya watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa jeshini hapa kwetu Ituri mwaka 2002 na 2003. Mwaka uliofuata Coomaraswamy alikwenda kutoa ushahidi wake mbele ya majaji hao. Nilikuwa bado shuleni wakati ule, na kati ya tuliokaa pamoja darasani wapo waliokuwa na umri wa kuulizwa maswali hayo. Katika ukumbi ule wa New York, kati ya watu wa hadithi na watu wa kweli, Ituri haikuwa mbali.

Vijana wa kibanda wana msimu wa kwanza na wa pili tu kwenye fleshi yao. Ule wa tatu, wa New Caprica, bado wanautafuta, na wamenikasirikia kwa kuwasimulia habari za bakuli la mbwa. Mwenye nao kwa Kifaransa awapitie. Wanawasha Jumapili saa kumi na moja, mafuta ya jenereta yakiwepo.